Maswali Yenu: Kompyuta, Simu na Vitabu Shuleni

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wakutubi na walimu, na chache kwa wanafunzi wenyewe. Zilizofanana tumeziunganisha. Suala la orodha ya vitabu tumelipa nafasi kubwa zaidi kwa sababu limeulizwa na wengi, na kosa la siku ya kwanza katika kazi hiyo huwagharimu watu wiki nzima za kurudia.

SWALI: Maktaba yetu ya sekondari ina vitabu kama 3,000, kompyuta moja na daftari la kuazimia. Tunataka mwanafunzi aweze kutafuta kitabu kwa mwandishi au kwa mada. Wengine wanatuambia tutafute programu ya maktaba, wengine wanasema lahajedwali (jedwali la kompyuta kama la Excel) inatosha. Tuanzie wapi? – Mkutubi

Mkutubi, anzeni kwenye rafu kabla ya kugusa kompyuta. Pitieni vitabu vyote, mtoe vilivyochanika kupita kiasi na vya mtaala ulioachwa zamani. Kuingiza kitabu kimoja kwa mkono huchukua dakika 4 hivi, maana yake vitabu 3,000 ni saa 200 za kazi. Hakuna sababu ya kuzitumia kwa vitabu mtakavyovitupa mwakani.

Kisha kila nakala ipate namba yake peke yake. Mkiwa na nakala 40 za kitabu kimoja cha biolojia, hizo ni namba 40. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanaona ISBN, ile namba ya kimataifa ya vitabu, imeshachapwa nyuma ya jalada, wanaifanya ndiyo namba ya kitabu. ISBN hutambulisha toleo, si nakala. Nakala zote 40 zina ISBN moja, kwa hiyo kompyuta haitajua ipi iko kwa mwanafunzi yupi, wala ipi ilirudi bila jalada. Tena vitabu vilivyochapwa kabla ya 1970 havina ISBN kabisa.

Safu wima zinazotosha kwa kuanzia ni hizi: namba ya nakala, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, ISBN, namba ya mada, rafu na hali ya kitabu. Kwa namba ya mada tumieni mfumo wa Dewey, uliopo tangu 1876 na unaofahamika kwa wakutubi karibu kila mahali: 500 ni sayansi, 570 ni biolojia, 900 ni historia na jiografia. Fasihi ya Kiswahili ni 896.392, na kwa maktaba ya shule msiongeze tarakimu zaidi ya hapo. Kwa mwandishi, kubalianeni mapema namna moja ya kuandika jina, muibandike ukutani. Mwandishi yuleyule akiandikwa jina kamili hapa na herufi ya mwanzo pale, kompyuta itawahesabu watu wawili, na mwanafunzi atapata nusu ya vitabu vyake.

Sasa lahajedwali. Kabla ya kuandika chochote, chagueni safu wima yote ya ISBN, mfungue mpangilio wa seli, muifanye iwe ya maandishi badala ya namba. Msipofanya hivyo, ISBN ya tarakimu 13 itageuka kuwa 9.78E+12. Mkihifadhi faili la CSV (orodha ya maandishi matupu yanayotenganishwa kwa koma) likiwa katika hali hiyo, tarakimu zilizofichwa zimekwenda, na njia ya kuzipata ni kurudi rafuni kitabu kwa kitabu. Zile ISBN za zamani za tarakimu 10 zinazoanza na 0 nazo hupoteza hiyo 0.

ISBN mnayoitilia shaka ihakikini kwa hesabu. Chukueni 9780306406157. Tarakimu 12 za mwanzo zizidisheni kwa 1, kwa 3, kwa 1, kwa 3, hivyo hivyo hadi mwisho, kisha mjumlishe: mtapata 93. Kutoka 93 kufika kwenye kumi kamili inayofuata, yaani 100, zinahitajika 7, na tarakimu ya mwisho ni 7. Isipolingana, kuna mahali pamekosewa. Kazi hii huenda vizuri watu wakiwa wawili, mmoja anasoma kwa sauti na mwenzake anaandika, wakibadilishana kila baada ya muda, kwa sababu jicho lililochoka huruka mstari.

Lebo zichapeni kwa printa ya leza. Zile za karatasi ya joto, zinazofanana na risiti, hufifia kwa mwanga na joto, na msimbo pau (ile mistari myeusi inayobeba namba ya nakala) uliofifia hausomeki kwa skana. Lebo ya mgongoni ikae sentimita 3 hivi kutoka chini, kwenye vitabu vyote, ili jicho lifuate mstari mmoja rafuni. Msimbo pau wekeni kwenye jalada, mahali palipo bapa. Ukipinda juu ya mgongo wa kitabu, skana haiusomi.

Kuhusu programu: lahajedwali inafaa kwa orodha, haifai kwa kuazimisha. Mtu mmoja akipanga safu moja kwa alfabeti akasahau kuchagua nyingine, majina ya vitabu yanahama kutoka kwa waandishi wake, na kwa kuwa faili halionyeshi kosa lolote, mnaweza kukaa nalo hivyo muhula mzima. Koha, iliyoanza kutumika New Zealand Januari 2000, ni programu kamili ya maktaba na haina ada ya leseni. Lakini inahitaji seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, yenye mfumo wa Linux, na mtu wa kuisasisha. Kama mtu huyo hayupo, tunashauri mjenge kwanza lahajedwali safi. Orodha iliyo safi itahamia kwenye Koha baadaye bila kuandikwa upya, na orodha chafu itahama na uchafu wake.

Nakala za akiba ziwe 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 ikae nje ya jengo la maktaba. Kila mwezi fungueni mojawapo kwenye kompyuta nyingine mwone kama inafunguka. Na kitabu kikisharudi salama, futeni jina la aliyekiazima. Mwanafunzi anayesoma kuhusu ugonjwa au matatizo ya nyumbani ana haki ya kusoma bila kubaki kwenye kumbukumbu ya mtu.

SWALI: Intaneti ya shule ni Mbps 10 (megabiti 10 kwa sekunde). Wanafunzi 40 wakifungua video ya somo kwa pamoja, hakuna anayeona kitu. Tulipie kasi kubwa zaidi? – Mwalimu wa sayansi

Video ya ubora wa 480p hula Mbps 1 hivi. Kwa wanafunzi 40 ni Mbps 40, nanyi mna 10. Hata mkiongeza mara nne, mtakuwa mnalipia video ileile ishushwe mara 40. Ipakueni mara moja, ikae kwenye seva ndogo ndani ya shule, na wanafunzi waichukue kwenye mtandao wa ndani ambao hauligusi kabisa bando la intaneti.

Programu mbili zimejengwa kwa kazi hii, nazo ni za bure. Kolibri hubeba masomo, video na mazoezi, na humwonyesha mwalimu nani amefika wapi. Kiwix hubeba Wikipedia na maktaba nyingine katika faili moja moja za ZIM. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha zote hufika GB 100 hivi. Ya Kiswahili ni ndogo mno kuliko hiyo, na kwa shule nyingi toleo teule la Kiingereza pamoja na Kiswahili kizima linatosha. Angalizo moja hapa: flashi nyingi huja zikiwa na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4. Mtaona kosa la kunakili hata kama nafasi ipo tele. Iandaeni flashi upya kwa exFAT kabla ya kunakili, mkijua kwamba kilichomo kitafutika.

Kuhusu seva yenyewe, sisi tungechagua laptopu iliyotumika yenye RAM ya GB 4 na betri inayoshika chaji. Umeme ukikatika haizimi ghafla, na hilo pekee linaokoa data nyingi. Wengi huchagua Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, kwa udogo wake, na inaweza kazi, ila ina masharti. Pi 4 inataka chaja ya volti 5 na ampea 3. Ukiipa chaja ya simu ya kawaida, alama ya radi hutokea kwenye skrini na mashine huanza kujizima au kusuasua. Ikichomolewa bila kuzimwa kwa utaratibu, kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika. Na haina saa yenye betri: ikiwaka bila intaneti inaweza kudhani ni siku ya juma lililopita, na kumbukumbu za mazoezi ya wanafunzi zikaandikwa tarehe za uongo. Kipande kidogo cha saa chenye betri yake huondoa tatizo hilo.

Waifai ya ndani ya Pi haihimili darasa zima. Tumieni kituo tofauti cha waifai kilichotengenezwa kwa vifaa vingi, kikae ndani ya darasa na si ofisini nyuma ya kuta mbili. Kama mna vituo kadhaa vya 2.4 GHz vilivyo jirani, vipeni chaneli 1, 6 na 11 ili visiingiliane. Pi na kituo kimoja cha waifai kwa pamoja hutumia wati 20 hivi, sawa na Wh (saa-wati) 120 kwa saa 6. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah (saa-ampea) 20 ina Wh 240, na isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo inatosha barabara kwa siku moja ya masomo na haina ziada.

SWALI: Tuna mwanafunzi asiyeona. Kompyuta imewekewa kisoma skrini, lakini vitabu vya PDF tulivyomskania vinanyamaza kimya. Vingine vinasomwa kwa matamshi ya ajabu. Kosa liko wapi? – Mwalimu wa elimu jumuishi

Ni makosa mawili tofauti, na yote yanatibika.

Kimya kinatokana na faili. Jaribuni kuchagua neno moja kwa kipanya ndani ya hiyo PDF. Kama halichaguliki, ukurasa ni picha, na kisoma skrini hakina maandishi ya kusoma. Inabidi picha ipitishwe kwenye programu ya kutambua herufi. Tesseract ni ya bure na ina data ya Kiswahili, ambayo huitwa swa. Msiache isome Kiswahili kwa data ya Kiingereza, maana itajaribu kuyageuza maneno yenu yafanane na ya Kiingereza. Skani kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi), kitabu kikiwa kimebanwa kilale bapa, kwa sababu herufi zilizopinda karibu na mshono ndizo zinazosomwa vibaya zaidi. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono hutoa mistari iliyokatika.

Baada ya hapo mtu mwenye kuona apitie maandishi. Mahali pa kuangalia kwanza ni ng': alama yake ndogo hudondoka, na ng'ombe akatoka ngombe, au ikasomwa kuwa koma na kulikata neno. Angalieni pia 0 na O, 1 na l, hasa katika hesabu na kemia, ambako kosa la herufi moja linabadilisha jibu. Majedwali yaandikeni upya kwa mkono. Vichwa vya sura vipeni mtindo wa kichwa katika programu ya kuandikia, msivikoleze wino tu. Kisoma skrini humwezesha mwanafunzi kuruka kutoka kichwa hadi kichwa kilichowekewa mtindo, ilhali maandishi yaliyokolezwa tu kwake ni aya kama nyingine. Bila vichwa, kutafuta sura ya saba ni kusikiliza sita zilizotangulia.

Matamshi ya ajabu yanatokana na sauti. Kama kisoma skrini mnachotumia ni NVDA, bonyezeni Insert, Ctrl na V kwa pamoja, mipangilio ya usemi itafunguka. Chagueni kitoa sauti kiitwacho eSpeak NG, kisha sauti ya Kiswahili. Ni sauti kavu, lakini inasoma silabi zetu ipasavyo. Muacheni mwanafunzi mwenyewe achague kasi. Waliozoea husikiliza kwa kasi ambayo wengine hatuwezi kuifuata, na kumrudishia kasi ya chini kwa huruma ni kumpotezea muda wa kusoma. Mpeni pia visikizi, asilazimike kusoma mbele ya darasa zima.

Wanaohofia hakimiliki wajue kwamba Mkataba wa Marrakesh wa 2013 unazitaka nchi zilizojiunga ziruhusu nakala za aina hii zitengenezwe kwa ajili ya wasioona na wengine wasioweza kusoma maandishi ya kawaida. Angalieni sheria ya nchi yenu inazitaja taasisi zipi kuwa na ruhusa hiyo.

SWALI: Insha za wanafunzi wangu zimeanza kufanana, laini na bila kosa. Nimepitisha kumi kwenye kigunduzi cha akili mnemba, sita zikasemwa ni za mashine. Niwape sifuri? – Mwalimu wa lugha

Hapana, Mwalimu. Namba ya kigunduzi isiwe ushahidi dhidi ya mtoto. OpenAI, walioileta ChatGPT Novemba 2022, walikiondoa kigunduzi chao wenyewe Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitisha kwenye vigunduzi 7 insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ziliambiwa ni kazi ya mashine. Sababu ni kwamba vigunduzi vingi hupima jinsi neno linalofuata linavyotabirika, na mtu mwenye msamiati mdogo katika lugha ya kujifunza huandika maneno yanayotabirika. Mwanafunzi mwaminifu anayejikakamua ndiye anayenaswa kwanza.

Kinachofaa ni kuangalia kazi ilivyozaliwa. Mwite mwanafunzi kwa dakika 5, mfungulie aya moja ya insha yake, umwombe aieleze kwa maneno mengine na aseme kwa nini alichagua mfano ule. Aliyeandika atasita hapa na pale lakini atafika. Kama wanaandika kwenye kompyuta, historia ya matoleo ya waraka huonyesha insha iliyokua mstari kwa mstari na ile iliyobandikwa nzima kwa mara moja. Hata hiyo usiitumie peke yake, kwa kuwa wengine huandika daftarini kwanza.

Chunguza pia marejeo. Chagua matatu, utafute kichwa kamili ndani ya alama za kunukuu, na kama kuna DOI (namba ya kudumu ya makala) iingize kwenye doi.org. Programu hizi hubuni marejeo yanayopendeza: mwandishi ni wa kweli, jarida ni la kweli, makala haipo. Hilo ni kosa linalothibitika bila kumtuhumu mtu kwa hisia, na ni somo ambalo mkutubi anaweza kulifundisha kwa kipindi kimoja.

Kwa wadogo kuna mpaka wa kuzingatia: mwongozo wa UNESCO wa Septemba 2023 unapendekeza umri usiopungua miaka 13 kwa matumizi ya akili mnemba darasani.

SWALI: Nasoma notsi zangu kwenye simu mara tatu nne, naona nimeelewa, lakini kwenye mtihani zinapotea. Je, simu ndiyo inayoharibu? – Mwanafunzi wa kidato cha nne

Mwanetu, simu ina sehemu yake, lakini kurudia kusoma ndiko kunakokudanganya zaidi. Watafiti wa saikolojia Roediger na Karpicke walilipima hili mwaka 2006. Waliosoma kifungu mara mbili walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, ila baada ya wiki moja walibaki na asilimia 42, wakati waliosoma mara moja kisha wakajipima bila kutazama walikuwa na asilimia 56. Kule kuona "nimeelewa" ni kwa sababu maandishi umeshayazoea.

Basi soma ukurasa mmoja, zima skrini, andika kwenye karatasi yote unayoyakumbuka, kisha fungua uone uliyoyaacha. Rudia yale uliyoyaacha tu, kesho na tena baada ya siku chache. Kwa maandishi ya maelezo, kama sayansi na historia, tumia karatasi ukiweza. Uchambuzi wa tafiti 54 uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba wasomaji wa karatasi huelewa zaidi, hasa muda ukiwa mfupi. Kwa hadithi tofauti hiyo haikuonekana. Simu unapoitumia, iweke katika hali ya ndege kwanza.

SWALI: Tulipewa vishikwambi 30. Vimekaa kabatini tangu muhula uliopita na sasa 8 haviwaki. – Mwalimu mkuu

Betri za lithiamu zikiachwa bila chaji kwa miezi hushuka kupita kiasi na huenda zisiamke. Viunganisheni na chaja sahihi kwa saa moja au mbili kabla ya kukata tamaa, kisha mjaribu kubonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Chenye mgongo uliovimba kisichajiwe wala kisibonyezwe, kiondoeni darasani. Kabla ya likizo ndefu viacheni na chaji ya asilimia 50 hivi, vizimwe kabisa, vikae pakavu na pasipo joto, na kila mwezi mtu aviangalie.

Kubwa kuliko betri ni kuamua vitafanya kazi gani. Peru iligawa laptopu kwa mamia ya maelfu ya wanafunzi, na tathmini iliyotolewa 2012 haikuona maendeleo yoyote katika hisabati wala lugha, japo watoto walikuwa nazo mikononi. Chagueni somo moja, darasa moja na mwalimu mmoja aliye tayari. Vipeni vifaa namba 1 hadi 30, na mwanafunzi yuleyule achukue namba ileile kila kipindi, ili kioo kikipasuka ijulikane kilikuwa kwa nani. Nywila ya msimamizi iwe kwa watu wawili, iandikwe kwenye bahasha iliyofungwa ofisini. Vifaa vingi hukwama kwa sababu aliyeijua amehamishwa.